Tabia ya Mnyama Ndani ya Gemu Si Mwondoko Wake

Katika vibanda vya gemu vya Kirumba na Nyegezi, na hata miongoni mwa vijana wa Mwanza wanaojifunza kutengeneza gemu wenyewe, limezoeleka mno jina “tabia halisi”. Dinosaria akipewa namna mpya ya kunguruma, husemwa kwamba ameongezewa tabia. Akipewa namna mpya ya kutikisa mkia, husemwa vivyo hivyo. Na akimrukia mwenzake kila wanapowekwa ndani ya uzio mmoja, husifiwa kwamba sasa tabia yake ni halisi kabisa. Matumizi yote hayo yana kasoro, na kasoro zenyewe ni mbili tofauti. Ya kwanza ni kuuchukua mwondoko kuwa ndio tabia.

Kwa ufupi, katika gemu ya kuendesha hifadhi ya wanyama wa kale, tabia ni kanuni inayoamua mnyama afanye nini, kwa kuzingatia hali yake ya ndani, kama vile njaa, kiu, uchovu, woga na umri, pamoja na yale yanayomzunguka kwa wakati huo. Mwondoko, au uhuishaji kama unavyoitwa na wachoraji, ni sura ya kitendo hicho kwenye kioo. Kanuni huandikwa na mtengeneza programu, mwondoko huchorwa na mchoraji, na kimoja kinaweza kabisa kuwapo bila kingine.

Anayeona kwamba tofauti hiyo ni ya wasomi tu, na aitazame miamba ya jiji hili. Juu ya mawe yetu huishi mjusi ambaye wanasayansi wamempa jina la Agama mwanzae, yaani amebeba jina la Mwanza popote anapotajwa duniani. Dume lake lina kichwa na mabega ya rangi nyekundu au ya waridi na mwili wa buluu iliyokolea, ilhali jike ni wa rangi ya kahawia, na wengi wetu tumeliona dume hilo likiinua na kushusha kichwa kana kwamba linakubaliana na mtu. Mwondoko ni uleule siku zote. Hata hivyo, likifanya hivyo mbele ya dume jirani aliyevuka mpaka, hilo ni onyo, na likifanya hivyo mbele ya jike, huo ni uchumba. Na linapoingiwa na hofu, hufifia rangi na kuacha kabisa kuinua kichwa. Mchoraji anayelichora dume hilo likiinua kichwa kila baada ya sekunde kadhaa, liwe peke yake au na wenzake, atakuwa amechora mwondoko mzuri sana, lakini tabia hajaigusa, kwa maana tabia imo katika yule anayeinuliwa kichwa, mahali wanapokutania, na kitakachofuata baada ya hapo.

Ziwani jambo hilo liko wazi zaidi. Kiboko anapopanua kinywa chake chote na kuonyesha meno, wageni hudhani ana usingizi, kumbe kwa kawaida anatisha. Mamba anapolala ukingoni juani huku kinywa kikiwa wazi, wageni haohao hukimbia wakidhani anatisha, kumbe kwa kawaida anapunguza joto la kichwa. Vinywa viwili viko wazi, na sababu zake ni kinyume. Sasa dinosaria wa gemu akipanua kinywa, mtengenezaji hapaswi kuuliza kinywa kimechorwaje kabla hajauliza kinapanuliwa kwa nini, kwa sababu bila jibu hilo hata sauti ya kukiwekea hawezi kuichagua.

Kwamba kanuni na mchoro ni vitu viwili, fani ya kompyuta imelijua kwa muda mrefu. Mwaka 1987, Craig Reynolds wa Marekani alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kundi la ndege linaweza kuigizwa kwa kanuni tatu tu anazopewa kila ndege: usimgonge jirani yako, fuata mwelekeo na kasi ya walio karibu nawe, na usogee kuelekea katikati yao. Hakuna mahali popote alipoandika kundi lipinde vipi au ligawanyike vipi linapokutana na kizuizi. Kundi lilijitokeza lenyewe kutokana na kanuni. Gemu za hifadhi zinatumia fikra ya namna hiyo, ingawa kwa njia nyingine. Katika Jurassic World Evolution, iliyotolewa na Frontier Developments ya Uingereza mwaka 2018, kila aina ya dinosaria ina idadi ya wenzake inayoiridhisha. Wakizidi au wakipungua, utulivu wake hushuka, na ukishuka kupita kiasi huanza kuvunja uzio. Mtu anaweza kubishana na kanuni hiyo kwamba ni rahisi mno, na mimi ningekubaliana naye, lakini hiyo ni tabia. Mngurumo anaoutoa wakati wa kuvunja uzio si tabia.

Kasoro ya pili ni kuchukua neno “halisi” na kulipa maana ya “kali”. Simba wa Serengeti, ambaye kwa mtu wa Mwanza yuko mwendo wa saa chache tu kupitia lango la Ndabaka, anaweza kulala au kupumzika hadi saa 20 kwa siku. Kongoti wa soko la Mwaloni husimama muda mrefu bila kufanya lolote, wakisubiri mabaki ya samaki. Mnyama halisi hukwepa ugomvi kadiri awezavyo, kwa kuwa jeraha linaweza kumuua hata akishinda, na kwa sababu hiyo vitisho vingi huishia kwenye vitisho. Naelewa kwamba mchezaji hakulipa fedha zake ili amwangalie mnyama aliyelala, na kwamba siku ya gemu hupita kwa dakika chache. Kupunguza usingizi na kuongeza mapambano ni uamuzi halali wa biashara. Ila uamuzi huo usiitwe uhalisia.

Wapo wanaojitetea kwamba dinosaria wametoweka, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kipi ni halisi. Hilo ni kweli nusu tu. Katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa kati ya mwaka 1909 na 1913, na mmoja wa wanyama waliopatikana, Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa hiyo inaeleza mwili wake vizuri, lakini sauti yake haikuhifadhiwa mwambani, na mngurumo wowote anaopewa ndani ya gemu ni wa kubuni. Kwingineko visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani, vimehifadhi tabia yenyewe. Dinosaria aitwaye Oviraptor alipewa jina lake mwaka 1924, lenye maana ya mnyakuzi wa mayai, kwa sababu alikutwa kando ya mayai yaliyodhaniwa kuwa ya mnyama mwingine. Baadaye kiinitete, yaani mtoto ambaye hajaanguliwa, kilichopatikana ndani ya yai la aina hiyohiyo kilionyesha kwamba mayai yalikuwa ya jamii yake mwenyewe, na ndugu zake wengine wakakutwa wameketi juu ya viota, mikono imetandazwa pande zote kama afanyavyo ndege anayeatamia.

Pale ambapo visukuku havitoi jibu, wataalamu huwatazama ndugu wa karibu walio hai, yaani mamba upande mmoja na ndege upande mwingine. Mamba jike wa ziwa letu hulinda kiota chake kwa takribani miezi mitatu, na watoto wakianguliwa huwabeba kinywani hadi majini. Ndege wengi nao hulinda viota. Ni haki basi kumfanya dinosaria wa gemu alinde kiota, na kufanya hivyo hakuhitaji mchoro hata mmoja mpya: kulala, kusimama na kutembea tayari anavyo. Kinachoongezwa ni hali ya kuwa na kiota, inayomfanya aende kunywa maji kwa haraka na kurudi, asiwavumilie jirani waliokuwa wakipita karibu naye jana bila matatizo, na avumilie njaa zaidi kuliko kawaida yake. Mchezaji makini ataiona tofauti hiyo hata kama hataweza kuitaja.

Kijana aliyeongeza mngurumo mpya amefanya kazi ya kusifiwa, na aseme kwamba ameongeza mngurumo. Akitaka kuuita tabia, aeleze kwanza mnyama wake anamngurumia nani na kwa sababu gani, na ni wakati gani angeona afadhali anyamaze.