Uhalisia wa kishairi: filamu za Kifaransa ambamo stelingi hufa

Aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua kanuni: stelingi hafi. Atapigwa, atatekwa, gari lake litatumbukia mtoni, lakini mwisho wa filamu atatoka akiwa mzima. Ufaransa ya miaka ya 1930 ilikuwa na waongozaji waliofuata kanuni iliyo kinyume kabisa. Stelingi wao hufa, na mtazamaji hulihisi hilo tangu mapema, pengine tangu dakika ya kwanza. Mtindo huo wahakiki waliuita uhalisia wa kishairi.

Jina hilo lilianzia kwenye mazungumzo kuhusu riwaya, na mwaka 1933 likaanza kutumika kwa filamu. Miaka yake ya kunoga ni kati ya 1936 na 1939. Waongozaji wanaotajwa zaidi ni Marcel Carné, Julien Duvivier na Jean Grémillon, pamoja na Jean Renoir kwa baadhi ya kazi zake. Mshairi Jacques Prévert ndiye aliyemwandikia Carné yale maneno yanayokumbukwa. Na sura ya mtindo wote ni moja: mwigizaji Jean Gabin, mwanamume wa mabega mapana na macho mazito, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kabla siku haijaisha.

Hadithi hazipishani sana. Kuna mwanamume wa tabaka la chini: mfanyakazi wa kiwandani, dereva wa treni, askari mtoro au jambazi. Si mtu mbaya, ila ana hasira za karibu. Anakutana na msichana, wanapendana upesi kama watu wanaojua hawana muda. Katikati yao kuna mwanamume wa tatu, mara nyingi mtu mzima mwenye maneno laini na tabia chafu. Hasira inapanda, mtu anauawa, na baada ya hapo hakuna njia ya kurudi nyuma. Nani kaua si fumbo, na polisi wanapotokea huwa wamekuja kufunga hesabu tu.

Chukua Le Jour se lève, filamu ya Carné ya mwaka 1939. Mlio wa bastola unasikika nyuma ya mlango uliofungwa, mtu anatoka ameshika tumbo na kuporomoka ngazini. Muuaji ni François, mfanyakazi wa kiwanda, na Gabin ndiye anayemwigiza. Anajifungia katika chumba chake juu kabisa ya jengo, polisi wanapiga risasi mlangoni, naye anasukuma kabati kuuziba. Kuanzia hapo filamu inakwenda kwa mbinu rejeshi: usiku kucha François anakumbuka yaliyomfikisha hapo. Tunamwona msichana Françoise, yatima kama yeye, na Valentin, yule aliyeuawa, mfundisha mbwa wa maonyesho na mwongo aliyekubuhu. Ndani ya chumba hana kiberiti, kwa hiyo kila sigara inawashwa kwa kipisi cha ile iliyotangulia. Tazama jinsi jambo dogo hivyo linavyofanya kazi. Hakuna anayetamka neno kifo, lakini mtazamaji anajikuta akichunga moto ule usizimike. Kunapopambazuka François anajipiga risasi. Bomu la machozi la polisi linaingia amekwisha kufa, na saa yake ya kengele inalia kumwamsha aende kazini.

Filamu hizi husemwa kuwa zinaamini kudra, kwamba lililoandikwa halifutiki. Ni kweli, ila kudra yenyewe haishuki kutoka juu. Hakuna mganga, hakuna laana ya ukoo, na Mungu hatajwi sana. Kinachomkaba François ni kodi, kiwanda kinachomla mapafu, bosi, mwanamume mwenye ulimi kuliko yeye, na ngazi ndefu yenye mlango mmoja. Mbunifu wa mandhari, Alexandre Trauner, alilijenga jengo lile refu likiwa limesimama peke yake katikati ya nyumba fupi, ili mtu aliye juu aonekane hana pa kushukia. Kwa hiyo kudra hapa imepigwa misumari na mafundi seremala. Huo ndio uzuri wa mtindo huu kwangu, kuliko hata mapenzi yenyewe.

Hapo pia neno uhalisia linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Maisha yanayoonyeshwa ni ya watu wa kawaida: baa za wavuvi, vyumba vya kupanga, stesheni za treni. Lakini sehemu kubwa ilipigwa studio. Kwa ajili ya Hôtel du Nord ya mwaka 1938, mfereji wa Saint-Martin wa Paris ulijengwa upya huko Billancourt, maji na daraja lake. Vichochoro vya Kasba, mji mkongwe wa Algiers, katika Pépé le Moko ya Duvivier, ya mwaka 1937, kwa sehemu kubwa vilijengwa Joinville, jirani na Paris. Ndani ya studio ukungu unaweza kuuweka unapoutaka, lami ukailowesha ing'ae, na taa ukaielekeza ianguke machoni pa mtu tu huku uso uliobaki ukizama gizani. Mpiga picha Eugen Schüfftan, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alikuwa bingwa wa mambo hayo. Ushairi wa filamu hizi uko humo, kwenye mwanga, kuliko kwenye maneno.

Ingawa maneno nayo yapo. Katika Le Quai des brumes ya mwaka 1938, askari mtoro anapewa lifti usiku na dereva wa lori kuelekea bandari ya Le Havre. Wanazungumzia ukungu, naye askari anasema anaujua tangu alipokuwa Tonkin, kaskazini mwa Vietnam ya leo. Dereva anabisha: Tonkin hakuna ukungu. Askari anajibu kwamba upo, na kugusa kichwa chake. Mbele kidogo kuna mchoraji anayesema kwamba akimwona mtu anaogelea, yeye tayari anamwona mtu aliyezama. Ukiulizwa uhalisia wa kishairi ni nini na huna muda wa kueleza, mtaje mchoraji huyo.

Bandari ziko nyingi katika filamu hizi, na meli huwa haimchukui stelingi. Mtoro wa Le Havre ana nafasi melini kwenda Venezuela, lakini anashuka amwone msichana mara ya mwisho, na anapigwa risasi barabarani. Pépé, jambazi ambaye polisi hawawezi kumkamata maadamu yuko ndani ya Kasba, anatoka kumfuata mwanamke wa Paris na kutiwa pingu. Anamwita kutoka nyuma ya geti, honi ya meli inameza sauti yake, naye anajichoma kisu. Kwa msomaji wa Afrika kuna jingine la kuona hapo: Algiers hiyo ni ya mkoloni. Wenyeji ni pambo la nyuma, na Slimane, mpelelezi wa Kialjeria, aliigizwa na Lucas Gridoux, mzaliwa wa Romania.

Kwa nini giza lote hilo wakati ule? Mwaka 1936 serikali ya Popular Front, muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, chini ya Léon Blum iliwapa wafanyakazi likizo yenye malipo na wiki ya saa 40, na watu wakaamini mambo yamebadilika. Haukupita muda mrefu muungano huo ukavunjika, na baada ya mkataba wa Munich wa Septemba 1938, uliomwachia Hitler sehemu ya Chekoslovakia, wengi walijua vita viko mlangoni. Le Jour se lève ilitoka Juni 1939. Kabla mwaka haujaisha ilipigwa marufuku kwa madai ya kuvunja watu moyo. Baada ya Ufaransa kushindwa, wapo waliozitupia lawama filamu hizi. Carné alijibu kwamba dhoruba haiwi kosa la barometa, kile kifaa cha kutabiri hali ya hewa. Lakini tusidhani kila mtazamaji alipenda kifo. Duvivier aliipa La Belle équipe ya mwaka 1936 mwisho wa huzuni, wenye fedha wakataka wa furaha, na watazamaji wa majaribio nao wakachagua wa furaha.

Wengine huuchanganya mtindo huu na filamu nyeusi (film noir), zile filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940. Undugu upo. Hata jina hilo la filamu nyeusi, magazeti ya Ufaransa yalikuwa yakilitumia kwa filamu hizi za kwao kabla ya vita, tena kwa kejeli. Tofauti ni kwamba kule Marekani mara nyingi mwanamke ndiye mtego na tamaa ya fedha ndiyo chambo. Kwa Wafaransa msichana naye amenaswa vilevile, na muuaji hakupanga kuua. Mhakiki André Bazin aliandika kwamba kabla ya vita Gabin alikuwa akidai kila filamu yake iwe na tukio la yeye kulipuka kwa hasira. Hasira hiyo ndiyo inayomponza, dakika moja tu, na filamu nzima inaizunguka.

Vita vilipokwisha, Carné na Prévert walijaribu tena kwa Les Portes de la nuit ya mwaka 1946. Trauner alijenga stesheni nzima ya metro, treni ya mjini Paris, ile ya Barbès, gharama zikapaa, na watazamaji hawakuja. Gabin hakuwemo. Kilichobaki hai ni wimbo wa filamu hiyo, Les Feuilles mortes, unaoimbwa hadi leo na watu wasiojua ulitoka kwenye filamu. Kwa anayetaka kuanza, ningesema aanze na Le Jour se lève, dakika tisini na ushei, kisha Le Quai des brumes. Pépé le Moko inaweza kusubiri; ina mbwembwe nyingi za ujambazi, na ukiitazama kwanza unaweza kudhani stelingi atapona.