Homa ya mtoto mwenye siko seli haingoji asubuhi: maswali na majibu

Maswali haya tunaulizwa na wazazi na mabibi katika wodi ya watoto hapa Pemba, na mara nyingi huulizwa mtoto akiwa ameshachelewa. Nimeyajibu kwa maandishi ili yasomwe nyumbani, kabla ya homa kuanza.

Siko seli ni maradhi gani?

Ni maradhi ya damu ya kurithi. Mtoto huyapata anapopokea kinasaba chenye hitilafu kwa baba na kwa mama, wote wawili. Hayaambukizi, hayaletwi na husuda, wala hayatokani na chakula alichokula mama alipokuwa mjamzito.

Hitilafu hiyo iko wapi hasa?

Iko katika hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Hemoglobini ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja ukiwa na asidi amino 141 (asidi amino ni vipande vidogo vinavyounganishwa kujenga protini), na miwili ya beta, kila mmoja ukiwa na 146. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa chaji ya umeme ya hemoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, akabainisha kwamba katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta asidi ya glutamiki haipo, na mahali pake pamekaa asidi amino nyingine, valini. Asidi amino nyingine zote 145 za mnyororo huo hazina kasoro.

Inakuwaje asidi amino moja tu imlaze mtoto kitandani?

Jawabu hupatikana kwa kuchunguza ni asidi amino ipi inagusana na ipi. Wataalamu huigandisha hemoglobini ikawa fuwele, wakaipiga eksirei, wakapata mahali ilipo kila atomu, kisha programu ya kompyuta hupima umbali kati ya atomu za asidi amino moja na za nyingine. Zile ambazo atomu zake zimesogeleana kufikia kiasi cha angstromu 4 au 5 huhesabiwa kuwa zinagusana, na angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Hemoglobini ya siko seli iliyopoteza oksijeni ilipochunguzwa kwa njia hiyo, ilionekana kwamba valini ya nafasi ya 6 katika molekuli moja huingia ndani ya kishimo kidogo kilicho kwenye mnyororo wa beta wa molekuli jirani, katikati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Zote tatu hukwepa maji, kwa hivyo zikikutana hushikamana. Asidi ya glutamiki, ambayo ina chaji na hupenda maji, isingetulia mahali hapo. Hemoglobini inapobeba oksijeni hubadilika umbo, na kishimo hicho hakiwi tena na nafasi nzuri ya kuipokea valini.

Mgusano huo mmoja huzaa mwingine, molekuli zikajipanga katika nyuzi, na nyuzi 14 zikasokotana kama kamba ya usumba ndani ya chembe ya damu. Chembe hukakamaa, ikapinda umbo la mundu, ikaziba mishipa midogo. Maumivu ya mifupa anayoyalilia mtoto usiku huanzia hapo, na hapo ndipo yanapoanzia pia madhara ya mapafu, ya ubongo na ya wengu.

Mimi ni mama wa nyumbani. Mambo hayo ya molekuli yananihusu nini?

Yanakuhusu kwa sababu kila tunaloagiza limetoka humo. Mtoto akikaukiwa maji, hemoglobini hujazana zaidi ndani ya chembe, na ongezeko dogo tu la msongamano huo hufupisha mno muda unaopita kabla nyuzi hazijaanza kujengeka. Homa, kuharisha na kutapika vyote humkausha. Nimonia humpunguzia oksijeni, na hemoglobini iliyokosa oksijeni ndiyo inayoshikamana. Kwa hiyo tunaposema anywe maji mchana kutwa, hata akiwa skuli, na asikae na nguo zilizorowa upepo wa kusi unapovuma, tunakusudia agizo hilo lifuatwe kila siku.

Mbona miezi ya mwanzo alikuwa mzima kabisa?

Kwa sababu mtoto mchanga huzaliwa na hemoglobini ya tumboni, ambayo ina mnyororo wa gama badala ya beta. Katika nafasi ya 87 mnyororo wa gama una glutamini, ilhali ule wa beta una threonini, na tofauti hiyo huvuruga migusano inayohitajika ili nyuzi zijengeke. Hemoglobini hiyo hupungua kadiri mtoto anavyokua, na kuanzia kiasi cha miezi sita dalili hujitokeza, mara nyingi kwa kuvimba viganja na nyayo.

Dawa ya haidroksiyurea huongeza hemoglobini hiyo hiyo ya tumboni. Inamezwa kila siku na inahitaji kupimwa damu kwa tarehe ulizopangiwa. Wazazi wengi huiacha mara tu mtoto anapokaa muda bila ya kuumwa, kisha wanarudi kwetu wamembeba. Tafadhalini sana, dawa anayokunywa ndiyo inayomfanya mtoto asiumwe, msimwachishe.

Amepata homa usiku. Nimpe parasetamoli, nimpeleke asubuhi?

Hapana. Joto likifika nyuzi 38, au ukimgusa ukahisi anachemka na kipimajoto huna, ondoka naye usiku huo huo. Wengu ndio unaochuja vijidudu katika damu, na kwa watoto hawa huharibika wakiwa bado wadogo kwa sababu mishipa yake imezibwa mara kwa mara. Kijidudu kama pneumokoki kikiingia katika damu ya mtoto asiye na wengu unaofanya kazi, kinaweza kumuua kwa muda wa saa chache. Parasetamoli hushusha joto, haiui kijidudu hicho. Mpe dozi moja akiwa njiani ukitaka, lakini usiifanye sababu ya kubaki nyumbani.

Na kama amepimwa malaria akaonekana hana?

Hapana, bado usingoje. Kipimo hicho kinakujulisha kuwa hana malaria. Hakikujulishi kuwa hana vijidudu katika damu. Na kama malaria anayo, safari ni ile ile, kwa sababu malaria ni hatari kubwa kwa mtoto mwenye siko seli. Wanaokingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali ni wale wenye kinasaba kimoja tu.

Bibi yake anasema ni mchango, au ametupiwa jicho. Tuanze kwa mganga?

Hapana. Nawaheshimu wazee wetu, na dua haina mgogoro na hospitali: msomeeni mtoto ndani ya gari, msomeeni na kitandani. Lakini saa zinazopotea kwa kuzunguka naye ndizo zinazotuletea watoto ambao hatuwezi tena kuwasaidia. Kuhusu chale na chuku sina lugha laini. Mnamtoa damu mtoto ambaye damu yake tayari ni haba, na mnavifungulia vijidudu mlango katika mwili usioweza kuvizuia. Acheni.

Baba yake yuko dago, kambi ya uvuvi. Nimsubiri arudi aniruhusu?

Hapana. Ruhusa iombwe leo, mtoto akiwa mzima, na nauli iwekwe pembeni leo. Wanaoishi Kojani, Fundo na visiwa vingine vidogo wakubaliane mapema na mwenye chombo, na wajue watavukaje maji yakiwa yamekupwa. Homa ikishaanza, kilichobaki ni kuondoka.

Ukiacha homa, ni dalili gani nyingine za kukimbilia hospitali?

Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua. Tumbo kuvimba upande wa kushoto huku mtoto akipauka ghafla. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au maneno kuharibika. Uume kusimama kwa maumivu bila ya kulegea. Na maumivu yasiyotulia kwa dawa aliyoandikiwa.

Nyumbani tumkinge vipi?

Mpe penisilini mara mbili kwa siku mpaka afike angalau miaka mitano, chanjo zote ikiwemo ya pneumokoki, foliki asidi aliyoandikiwa, na alale ndani ya chandarua. Dawa za madini ya chuma za kuongeza damu msimnunulie kwa hiari yenu; wagonjwa wanaoongezewa damu mara kwa mara huweza kurundika chuma mwilini kikawadhuru.

Mimi na mume wangu sote hatuumwi. Mtoto kayapata wapi?

Kila mmoja wenu amebeba kinasaba kimoja. Katika kila mimba uwezekano wa mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne, na hesabu huanza upya kila mimba, hata kama aliyetangulia ni mgonjwa. Wanaooana ndugu kwa ndugu wana sababu zaidi ya kupima damu kabla ya nikaha, kwa kuwa kinasaba kilichomo katika ukoo kinaweza kuwamo kwa wote wawili.

Nikifika hospitali niseme nini?

Iwe ni Chake Chake, Wete, Micheweni au Abdulla Mzee huko Mkoani, neno lako la kwanza kwa mtu wa kwanza unayemkuta liwe: «Mtoto huyu ana siko seli na ana homa.» Usikae foleni kimya. Taja homa imeanza saa ngapi, onyesha kadi yake na dawa anazotumia, na ueleze kama amekosa penisilini, hata kama unaona haya kulisema. Hatutakugombeza, tunahitaji kujua ili tuanze antibiotiki ya sindano bila ya kuchelewa.