The Haunting: mzimu usioonyeshwa
Wengi hudhani kwamba filamu ya jumba lenye mizimu haitishi mpaka mzimu wenyewe ujitokeze mbele ya kamera. The Haunting, ambayo Robert Wise aliiongoza mwaka 1963 kutokana na riwaya ya Shirley Jackson, inaikanusha dhana hiyo, kwani hakuna mzimu hata mmoja unaoonekana. Wanawake wawili wanakumbatiana kitandani huku vishindo vikikaribia kutoka kwenye korido. Baadaye mlango mzito wa mbao unabinuka kuelekea ndani kana kwamba unapumua, na anayeusukuma haonyeshwi. Zaidi ya hayo, tunayasikia mawazo ya Eleanor, mpweke aliyemaliza ujana wake akimuuguza mama yake, hivyo hatujui kama jumba linamwinda au linamkaribisha, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linatisha kuliko sura yoyote ya kupakwa rangi.