Chuma ulete au hesabu mbovu? Yanayosemwa kuhusu wizi wa madukani na ukweli wake

Nimekusanya maneno ninayoyasikia kila wenye maduka wakikaa barazani kuzungumzia wizi, kuanzia Mwanakwerekwe Unguja mpaka Chake Pemba, mengine yanachekesha ila mengine yanawatia watu hasara kweli kweli. Nazungumzia maduka yetu haya madogo, la chakula, la vipodozi, la vifaa vya simu, sio wale wakubwa wenye walinzi na mageti ya kupiga kelele.

DHANA: "Pesa zinapungua kwenye droo, hii chuma ulete tu, uchawi wa kuvuta pesa za watu, hakuna jengine."

UKWELI: Sitobishana na mtu imani yake ila nna suala moja tu, zimepungua kutoka ngapi? Hapo ndo kimya. Wengi wetu hatujui asubuhi tumefungua na chenji ya shilingi ngapi, mchana imetoka ya samaki, mtoto kapewa ya skuli, mtu wa mikate kalipwa bila kuandikwa, jirani kaja kuvunja noti ya elfu kumi karudishiwa kumi na mbili mana wateja walikua wamejaa, halafu usiku droo ikionekana pungufu elfu thelathini anatafutwa bibi wa watu aliekuja kununua kibiriti na noti iliyokunjwa kunjwa. Na kuna jambo watu hawalifikirii, chuma ulete inamfaa sana yule anaeiba kweli, kwa sababu maadam lawama iko kwa wanga yeye hakuna anaemuangalia.

Fanya hivi. Kila asubuhi anza na chenji ile ile, tuseme 20,000, isibadilike. Kila kinachotoka kiandikwe, hata kilo ya sukari inayokwenda nyumbani kwako mwenyewe, iandike kwa bei. Usiku hesabu. Wiki moja tu utaona nusu ya majini yamehama.

Na mzigo nao uhesabiwe unapoingia, sio kesho yake. Kijana wa duka la jumla anashusha boksi haraka haraka gari iko njiani inapigiwa honi, wewe unatia saini risiti ya boksi kumi zimeingia tisa, au boksi limefunguliwa chini likabandikwa tepu upya, ndani kopo mbili hamna. Huyo mwizi hajaingia hata dukani kwako.

Wenzetu Marekani chama chao cha wauzaji wa rejareja, National Retail Federation, kilipowauliza wafanyabiashara kuhusu upotevu wa mwaka 2022, wizi wa watu wa nje ulikua asilimia 36, wa ndani asilimia 29, na asilimia 27 ilikua makosa ya taratibu na usimamizi tu. Najua Marekani sio Mwembetanga, lakini kama wao wenye mashine za kila aina zaidi ya nusu inapotelea kwa wafanyakazi na hesabu, sisi wa daftari la madeni lililochanika tusijifanye tatizo letu ni vibaka peke yao.

DHANA: "Aah kitu kimoja tu, mwache aende nacho, sadaka."

UKWELI: Sadaka unatoa wewe, haitolewi na mwengine kwa mali yako. Chupa ya mafuta ya kupikia umenunua 9,000 unauza 10,000, ikiondoka moja unatakiwa uuze chupa tisa nyengine ndo urudi pale pale sifuri, yaani tisa umeuza bure. Vitu vya faida ndogo kama unga na mafuta ndo vinavyoumiza zaidi.

DHANA: "Mwizi mi namjua, akiingia tu namuona."

Hii ndo nisioipenda kuliko zote. Kijana mwenye rasta akiingia macho yote kwake, anafatwa mpaka kwenye kona ya biskuti, na wakati huo huo mtu mzima alievaa kanzu nyeupe anatia kopo la maziwa ya mtoto kwenye mkoba. Sura haisemi kitu, na ukimdhalilisha mtoto wa watu bure umeshapoteza mteja na ukoo mzima. Angalia vitendo. Mtu anaetazama zaidi wewe uko wapi kuliko anavotazama bidhaa. Watu wawili wanaoingia pamoja halafu wakajifanya hawajuani. Mtu anaeuliza bei za vitu vitatu kwa mpigo na hangoji jawabu hata moja.

Mchezo wenyewe unakua hivi, mmoja anataka sabuni ile ya rafu ya juu kabisa, sio hii, ile ya kijani, hapana ile ya pembeni yake, wewe umepanda kigoda mgongo uko mlangoni, mwenziwe keshaegemea kaunta kama mtu aliechoka na mkono umeshafika kwenye simu yako iliyokua inachaji pembeni ya mizani. Ukishuka na sabuni wanakwambia wanarudi, wanakwenda kuchukua pesa kwenye gari. Dawa yake rahisi tu, vinavyoulizwa sana viwe kimo cha mkono, simu na droo viwe upande wako chini ya kaunta, na mtu akitaka cha juu ukiwa peke yako mwambie asubiri umalize na huyu kwanza.

Halafu ujue nini kinaibiwa. Mtaalamu mmoja wa mambo ya uhalifu, Ronald Clarke, aliandika mwaka 1999 kwamba wezi wanapenda kitu kinachofichika, kinachobebeka, kilicho karibu, chenye thamani, kinachopendwa na watu, na zaidi ya yote kinachouzika upesi. Sasa pita dukani kwako na sifa hizo, utaona ni maziwa ya kopo, manukato, wembe, betri, chaja na vocha. Mchele gunia hakuna anaekimbia nalo. Kwahiyo huna haja ya kuhesabu duka zima kila siku, chagua vitu kama kumi hivi, vihesabu kila jioni, viweke nyuma yako au ndani ya kabati la kioo. Na hawa wanaovunja kaunta siku hizi ili duka liwe kama supamaketi, sawa linapendeza na watu wananunua zaidi, ndo biashara ilivo tangu Clarence Saunders alipofungua lile duka lake la Piggly Wiggly kule Memphis mwaka 1916 wateja wakaanza kujichukulia wenyewe, lakini mteja anaejichukulia na mwizi nae anajichukulia, basi angalau rafu za katikati ziwe fupi umuone mtu kichwa na mikono na sehemu ya kulipia iwe mlangoni.

DHANA: "Nimefunga kamera, nimemaliza."

UKWELI: Kamera haimkamati mtu, inakuonesha ulivoibiwa. Inasaidia ikiwa inaangaliwa, ikiwa imeelekea mlangoni na kwenye droo kwa kimo cha uso, sio ile iliyopachikwa darini inaonesha vipara na mitandio tu. Na umeme ukikatika? Nani aliekuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ile miezi mitatu ya kiza, asiejua hilo. Weka betri ya akiba, na kile kisanduku kinachorikodi kisikae juu ya kaunta, mwizi wa usiku anaondoka nacho. Taa nzuri mlangoni na kufuli la maana mara nyengine linashinda kamera ya laki tatu.

DHANA: "Kijana wangu ni ndugu, haibi."

UKWELI: Ndugu nae anaumwa, anadaiwa, anataka kuoa. Mmarekani mmoja mtaalamu wa uhalifu, Donald Cressey, aliwahoji wafungwa waliokula pesa za kazini walizoaminiwa, akakuta wengi walikua na shida ya pesa wanayoona haya kumwambia mtu. Sasa sisi tunamleta mtoto wa dada kutoka Wete, analala dukani anakula kwetu, mshahara hautajwi kwa sababu "huyu mwanangu," mamake akiumwa kijana hajui aombe vipi. Mwekee mshahara unaojulikana, mruhusu akope kwa kuandikwa, na hesabu ya usiku mfanye wawili. Kuhesabiana sio kumtuhumu, inamlinda na yeye pia siku pesa zikipungua kwa makosa yako.

DHANA: "Meseji imeingia, basi kalipa."

Imeingia wapi, kwenye simu yake au yako? Usiangalie kioo cha simu ya mteja hata kidogo. Angalia yako, angalia imetoka kwa kampuni au kwa namba ya kawaida tu iliyoandikwa maneno yale yale, na kama mzigo mkubwa fungua menyu utizame salio kabla hujamkabidhi, hata kama foleni ndefu, khasa zile siku za mwisho za Ramadhani watu wamejaa Darajani mpaka usiku wa manane, ndo msimu wa matapeli. Namba zao zitume 15040, ni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

DHANA: "Ukimkamata mwizi mtie adabu kwanza, polisi watamwachia."

UKWELI: Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya mwaka 2018, na wizi ni kosa, lakini kumvunja mtu mkono nalo ni kosa na hilo lina ushahidi wa hospitali. Umegombania wembe wa elfu mbili sasa wewe ndo mshtakiwa. Akiwa na kisu mwache aende kabisa. Akiwa mtulivu mzuie mbele ya watu, mwite sheha au polisi, 112, mkabidhi. Picha yake usiitupe kwenye magrupu ya WhatsApp na neno MWIZI, ukikosea mtu huwezi tena kuirudisha, wapelekee polisi hiyo video. Na anaeachiwa mara nyingi anaachiwa kwa sababu mlalamikaji kafika kituoni hana kitu zaidi ya hasira, kwahiyo nenda na saa ya tukio, kitu chenyewe, risiti ya ulikokinunua, na shahidi mmoja alie tayari kurudi siku ya kesi.