Buibui wa chini ya mawe: nionyeshe nyuma, si mgongo

Mvua zikianza tu hapa Dodoma, simu yangu hujaa picha za buibui wadogo weusi waliokutwa chini ya tofali au jiwe. Wengi huwapiga picha mgongoni, na mgongo wa hawa hauna habari: mweusi, kahawia au kijivu, basi. Mfunike kwa glasi, subiri atulie, kisha piga picha ncha ya tumbo.

Nawasema buibui wa ardhini, familia ya Gnaphosidae, yenye spishi zaidi ya 2,000 duniani. Ukigeuza mawe kwenye vilima vya Mlimwa au Iyumbu hutakosa kuwaona, wamejikunyata ndani ya kifuko cha hariri wakingoja giza. Alama yao ni mirija miwili ya mbele ya kutolea uzi: minene, mviringo kama mapipa, na imeachana kabisa. Kwa buibui wengine wengi mirija hiyo imebanana. Hapa unaiona imechomoza nyuma ya tumbo hata bila hadubini.

Mirija hiyo ndiyo silaha. Hawatandi utando wa kunasia. Huwinda kwa miguu usiku. Akikutana na windo hatari, hata buibui mwenzake anayemzidi mwili, humzunguka mbio huku akimbandika miguu kwa uzi wenye gundi, kisha ndipo humng'ata. Buibui wengine gundi hiyo huitumia kushikiza nyuzi zao ukutani. Hawa wameipata silaha, lakini kazi ya kushikiza imewashinda kidogo.

Macho ni manane, safu mbili. Mawili ya katikati, safu ya nyuma, mara nyingi ni bapa, yamekaa mshazari na yanang'aa kama fedha. Jamaa yao wa Ulaya, Drassodes cupreus, huyatumia kusoma mwanga wa anga jua likizama, apate njia ya kurudi kwenye kifuko chake.

Jenasi ya Zelotes, kundi moja ndani ya familia hii, ina kitu ninachokipenda zaidi: kitana cha vinywele vigumu karibu na ncha za miguu ya jozi mbili za nyuma.

Sumu wanayo, kama karibu buibui wote, ila si ya kumtia mtu hofu.

Kutaja spishi ni kazi nyingine. Lazima buibui awe amekomaa, na nitazame kwa hadubini vikono vya mbele vya dume au kibamba cha uzazi cha jike. Ndivyo alivyofanya Msweden Albert Tullgren mwaka 1910, alipoeleza buibui waliokusanywa Kilimanjaro na Meru, na hadi leo picha ya simu haijaziba pengo hilo. Ukituma mtoto wa buibui, nitakujibu jina la familia tu.