Pasi ya Reli ya Japani Haifungui Kila Lango la Tokyo
Wengi wanaopanga kutembelea Tokyo kwa siku kadhaa huamini kwamba pasi ya reli ya Japani, ambayo bei yake kwa siku 7 ilipandishwa Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, inatosha kwa treni zote za jiji. Sivyo. Pasi hiyo ni ya kampuni za JR, yaani kundi la reli la Japan Railways. Utapanda nayo njia ya Yamanote, inayozunguka jiji kupitia stesheni 30, lakini ukitaka kwenda Asakusa kwa njia ya Ginza, hairuhusiwi, kwa kuwa njia hiyo ni ya Tokyo Metro, kampuni ya treni za chini ya ardhi isiyo ya JR. Anayebaki mjini, kwa maoni yangu, anunue tiketi ya saa 72 ya treni za chini ya ardhi, ambayo huanza kuhesabiwa inapotumika mara ya kwanza, si usiku wa manane.