Maingizo mawili katika hesabu za mfukoni: dhana potofu na ukweli

Anayetafuta programu ya kutunza hesabu zake binafsi hukutana mapema na njia panda. Kwa upande mmoja ipo GnuCash, iliyofikia toleo lake la 1.0 mwaka 1998, pamoja na Ledger na hledger zinazosoma mafaili ya maandishi ya kawaida, ambazo zote zimejengwa juu ya mfumo wa maingizo mawili, yaani kila muamala huonyesha fedha ilikotoka na ilikokwenda. Kwa upande mwingine zimejaa programu za simu zinazomtaka mtumiaji aandike kiasi na achague aina ya matumizi, basi. Ubishi kuhusu ipi inamfaa mtu wa kawaida umebeba dhana nyingi ambazo, zikichunguzwa, zinahusu zaidi kile kinachoonekana kwenye skrini kuliko namna hesabu zenyewe zinavyotunzwa ndani ya programu.

Dhana: Maingizo mawili ni kuandika kila kitu mara mbili

Jina ndilo linalopotosha. Katika enzi za daftari la karatasi, karani alikuwa kweli akikiandika kiasi kilekile katika akaunti mbili za leja, tena baada ya kukiandika kwanza kwenye jarida, yaani daftari la kuorodhesha miamala kwa mfuatano wa tarehe. Programu haina haja ya kumsumbua mtu hivyo. Fedha haitoki mahali pasipo kwenda mahali, kwa hiyo kila muamala una ncha mbili, na anayeandika kwamba shilingi 12,000 zimetoka kwenye simu kununua chakula ameshazitaja ncha zote mbili: simu ni akaunti ya mali, na chakula ni akaunti ya matumizi, hata kama programu imeamua kuiita kwa jina jingine. Kazi ya vidole ni ileile. Kinachotofautiana ni jinsi programu inavyolichukua neno «chakula»: katika mfumo wa ingizo moja ni lebo iliyobandikwa ubavuni mwa tarakimu, ilhali katika maingizo mawili ni akaunti kamili yenye salio lake, na jumla ya ncha zote za muamala, kinachotoka kikihesabiwa hasi na kinachoingia chanya, haina budi kuwa sifuri. Mtu akisahau ncha moja katika GnuCash, programu haimkatalii. Tofauti hiyo hupelekwa kwenye akaunti maalumu ya miamala isiyolingana, na hubaki hapo ikionekana mpaka aishughulikie mwenye kosa, yaani yeye mwenyewe.

Dhana: Ni lazima kwanza uzijue debiti na krediti

Hapa lawama tunastahili sisi tunaopenda hesabu, kwa kuyaanza mafunzo yetu na maneno hayo mawili, ambayo ni majina tu ya upande wa kushoto na wa kulia wa akaunti. Mkanganyiko wenyewe huanzia kwenye taarifa ya benki. Mshahara ukiingia, benki huandika krediti, na mteja hujifunza kwamba krediti ni kuongezeka. Taarifa ile, hata hivyo, imeandikwa kwa jicho la benki, ambayo huihesabu amana ya mteja kuwa deni inalodaiwa; katika vitabu vya mteja fedha hizohizo ni mali, na mali huongezeka kwa debiti. GnuCash humwepusha mtumiaji na somo hilo kwa kubadilisha vichwa vya safu kulingana na aina ya akaunti, hivyo akaunti ya benki huonyesha kuweka na kutoa. Ledger na hledger hutumia alama za kujumlisha na kutoa tu, ingawa nazo zina kioja chao: mapato huonekana kama namba hasi, jambo ambalo huwashtua wengi wanaozifungua kwa mara ya kwanza.

Dhana: Mfumo huu ni wa makampuni, mwenye mshahara mmoja hauhitaji

Dhana hii huambatana na hadithi kwamba Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko, ndiye aliyeubuni mfumo kwa ajili ya matajiri wa Venice. Alichofanya Pacioli mwaka 1494 ni kuchapisha maelezo ya utaratibu uliokwisha kuzoeleka. Vitabu vya serikali ya mji wa Genoa vya mwaka 1340 tayari vilitunzwa hivyo.

La msingi zaidi ni kwamba fedha za mtu wa kawaida wa Afrika Mashariki leo hazikai mahali pamoja. Tuchukue mwalimu ambaye mshahara wake hupitia benki, matumizi yake hupitia simu, akiba yake iko SACCOS, na kila mwezi anacheza upatu na wenzake. Akihamisha shilingi 200,000 kutoka benki kwenda kwenye simu na kukatwa ada ya 3,000, programu ya ingizo moja isiyojua uhamisho itamwonyesha ametumia 203,000 benki na kupata 200,000 kwenye simu. Mwisho wa mwezi mapato yake na matumizi yake yote yamevimba, ilhali matumizi halisi katika tukio lile ni zile 3,000 peke yake. Kwa haki ni lazima niseme kwamba programu nyingi za aina hii zimeongeza kitufe cha uhamisho. Kitufe hicho, ukikitazama vizuri, ni maingizo mawili yaliyoingizwa kwa mlango wa nyuma.

Rejesho la mkopo ni gumu zaidi. Akilipa SACCOS 45,000, ambazo 9,000 kati yake ni riba, basi 9,000 ni matumizi na 36,000 zinapunguza deni, na muamala huo mmoja una ncha tatu. Anayeziandika zote 45,000 kuwa matumizi anajiona maskini kuliko alivyo, kwani kila mwezi anapunguza deni ambalo hesabu zake hazilioni.

Upatu ndio unaoonyesha nguvu ya mfumo kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua. Watu 10 wanachanga 50,000 kila mwezi, na mwalimu wetu anapokea zamu ya tatu. Baada ya miezi miwili akaunti yake ya upatu ina 100,000 anazowadai wenzake, kwa lugha ya mtaani «za kwake», yaani ni mali. Mwezi wa tatu anachanga tena na kupokea 500,000. Programu inayojua kuingia na kutoka tu itamwambia amepata mapato ya nusu milioni, naye atayala. Katika maingizo mawili, akaunti ileile inageuka bila kuambiwa: amechanga 150,000, amepokea 500,000, hivyo anadaiwa 350,000, ambazo ni michango saba iliyobaki barabara.

Dhana: Basi kila mtu anauhitaji

Hapana. Mwenye simu moja, asiye na mkopo wala upatu, na ambaye swali lake pekee ni kiasi gani kimeishia kwenye nauli, atatosheka na daftari la shule. Ninachodai ni kidogo zaidi: anayetengeneza programu ajenge maingizo mawili ndani, kwa sababu siku mtumiaji akikopa, kuiongeza akaunti ya deni juu ya msingi wa lebo ni kazi ngumu; kwenye skrini, hata hivyo, mtengenezaji anaweza kuonyesha sanduku moja la kiasi na jingine la maelezo.

Dhana: Hesabu zikilingana, ziko sahihi

Karani wa zamani aliandika pande mbili kwa mkono, kwa hiyo kosa la kunakili lilijitokeza pale jumla mbili zilipokataa kulingana. Programu hupokea kiasi mara moja na kuzijaza ncha zote mbili yenyewe; ukiandika 21,000 badala ya 12,000, pande zote mbili zitasema 21,000 na kulingana vizuri kabisa. Muamala uliosahauliwa haupotoshi ulinganifu, wala nauli iliyoandikwa kwenye chakula. Dawa ni usuluhishi wa hesabu: kuchukua taarifa ya benki au ya simu na kuilinganisha na salio la programu, mstari kwa mstari. GnuCash ina safu nyembamba kwa kazi hii, ambamo kila ingizo huanza na herufi n, na huwa y baada ya kusuluhishwa na taarifa. Mwenye kurasa zilizojaa n ana hesabu zinazolingana na ambazo hajawahi kuzihakiki.